Mtazame Asiyeongea

Nilikuwa na miaka 34 nilipotazama mchezo wa jukwaani kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa kanisa mjini Iringa, mwezi Julai, wakati baridi ya huku kwetu haina utani. Kabla ya siku hiyo tamthiliya kwangu ilikuwa kitabu cha mtihani. Tulisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, tukakariri dhamira na wahusika, lakini maelezo ya jukwaani, yanayosema nani anaingia na nani ameinama, tukayaruka kwa kuwa hayakuwahi kuulizwa. Ukumbini ndipo nilipotambua kwamba tulikuwa tumeruka nusu ya mchezo.

Siku ile ndugu wawili walikuwa wakigombea shamba la marehemu baba yao, huku bibi yao akichambua maharage kwenye ungo pembezoni mwa jukwaa. Macho yangu yaliwafuata wenye makelele. Ghafla watu wakaguna, wengine wakacheka, nami nikabaki nauliza kulikoni. Kumbe bibi alikuwa ameichomoa hati ya shamba kutoka kwenye koti la mjukuu mkubwa, akaifukia chini ya maharage, kisha akaendelea kuchambua kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu aliyezoea filamu hukosea hapo, kwa sababu kamera imekwisha kumchagulia cha kutazama, ilhali jukwaani kazi hiyo ni yake mwenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko yote, ni kwamba mara kwa mara umwache anayeongea, umtazame asiyeongea.

Ili uweze kufanya hivyo, keti safu ya tatu au ya nne, katikati. Ukikaa mbele kabisa huwezi kuona pande zote mbili za jukwaa kwa pamoja, na ukikaa nyuma, katika kumbi zetu zenye mwangwi na waigizaji wasio na vipaza sauti, utapoteza maneno mengi. Vaa sweta. Ukitoka mbali ulizia mapema usafiri wa kurudi, maana onyesho letu lililotangazwa kuanza saa tisa alasiri lilianza saa kumi kasoro robo, na mimi wa Mafinga nililazimika kulala kwa shangazi.

Wapo watakaokuambia ukae kimya kama uko mahakamani. Sikubaliani nao. Mama mmoja nyuma yangu alimpigia kelele mjukuu mdogo, "Mwongo huyo!", na mwigizaji akasubiri kicheko kitulie, kisha akaurudia uongo wake kwa sauti ya chini zaidi, na ukawa mtamu maradufu. Wanaokera ni wale wanaowasha simu gizani na wale wanaomsimulia jirani kitakachofuata.

Mchezo ulipokwisha usikimbilie mlangoni. Nilimkuta yule bibi kwenye korido, bado amevaa maleba yake, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, nami bila kufikiri nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika "Marahaba, mjukuu wangu" kwa sauti ileile ya kutetemeka, kisha akaangua kicheko na kuvua kilemba, alikuwa binti mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho.