Hisabati ya Fedha: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Mhariri, nina shahada ya kwanza ya biashara, na kwa miaka 3 sasa ni afisa mikopo katika benki moja hapa Morogoro. Natamani kusoma shahada ya uzamili ya hisabati ya fedha, lakini mwaka jana chuo nilichoomba kilinikataa bila kutaja sababu, na rafiki yangu aliyesoma hisabati ananiambia kwamba hata ningepokelewa ningefeli muhula wa kwanza. Je, ana haki ya kusema hivyo? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amesema kwa ukali, ila hajakosea sana. Jina la shahada hii huwapoteza wengi, kwani wanaposikia neno fedha hudhani ni mwendelezo wa masomo ya biashara, ilhali hii ni shahada ya hisabati na fedha ni shamba tu inamolimwa hisabati hiyo. Anayepitia matokeo yako anatafuta kalkulasi (hesabu za mabadiliko), aljebra ya mstari, milinganyo tofautishi na nadharia ya uwezekano. Asipoyaona, alama zako nzuri za uhasibu hazitamsaidia.

Jipime kwa mfano ambao wanafunzi hukutana nao wiki za mwanzo. Hisa moja inauzwa shilingi 1,000 leo, na kesho bei yake itakuwa 1,200 au 900, hakuna ya tatu. Mtu anataka kukuuzia haki ya kuinunua hisa hiyo kesho kwa shilingi 1,000, bila kukulazimisha kuinunua. Haki hiyo ina thamani gani leo? Afisa mikopo mzuri atauliza kwanza uwezekano wa bei kupanda. Akiambiwa ni asilimia 90, atazidisha 0.9 kwa faida ya 200 na kupata 180. Jibu sahihi, tukiweka riba kando, ni kama shilingi 67. Muuzaji wa haki hiyo anaweza kununua theluthi mbili za hisa kwa shilingi 667, akikopa 600 na kutumia hizo 67 alizopokea kwako. Bei ikipanda, sehemu yake ya hisa ina thamani ya 800, analipa deni na kubaki na 200 anazopaswa kukupa. Bei ikishuka ina thamani ya 600, analipa deni na hakudai wala humdai. Ukimlipa 180, umempa shilingi 113 za bure, na ile asilimia 90 haikuingia popote katika hesabu. Ikiwa jambo hilo limekukosesha usingizi kwa sababu unataka kujua uwezekano ulitowekea wapi, basi somo hili linakufaa. Ikiwa limekuchosha, ni heri ulijue leo kabla hujalipa ada.

Kutoka kwenye bei mbili hadi bei inayobadilika kila sekunde ndiko kwenye mlima wenyewe. Louis Bachelier aliuanza kwa tasnifu yake huko Paris mwaka 1900, Kiyosi Itô akaweka msingi wa kalkulasi ya nasibu, yaani ya vitu vinavyobadilika kwa bahati, mwaka 1944, na Fischer Black, Myron Scholes na Robert Merton wakatoa kanuni zao za kukadiria bei za haki kama ile ya mfano wetu mwaka 1973. Katika kalkulasi ya kawaida, mraba wa badiliko dogo mno hutupwa. Katika ile ya Itô hautupwi, kwa kuwa miraba hiyo ikijumlishwa hukua sawia na muda. Asiyeelewa kwa nini unatupwa kule hataelewa kwa nini unabaki huku, na hapo ndipo wanafunzi wengi wenye shahada za biashara hukwama.

Kwa hiyo usiombe tena mwaka huu. Tafuta chuo kitakachokuruhusu kusoma masomo machache ya hisabati na kuyafanyia mtihani, na usiku ujifunze kuandika programu kwa Python. Uzoefu wako wa mikopo usiudharau: tangu 2018, kanuni ya uhasibu ya IFRS 9 inazitaka benki zikadirie hasara ya mkopo kabla haijatokea, na wanaoijua kazi hiyo kwa pande zote mbili, hesabu na wakopaji wenyewe, ni adimu. Lakini kama shabaha yako ni kupandishwa cheo tu, uzamili wa kawaida wa fedha utakufikisha mapema zaidi.

SWALI: Mimi ni mwalimu mwenye shahada ya hisabati. Nisome wapi, na kazi ziko wapi kwetu? — Mwalimu, Mombasa

JIBU: Mwalimu, wewe mlango uko wazi. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati (AIMS) iliyoko Rwanda hutoa uzamili wa sayansi za hisabati pamoja na ufadhili, ingawa ni wa jumla na fedha utaigusa zaidi katika mradi wako wa utafiti. Chuo Kikuu cha Cape Town kina shahada ya hisabati ya fedha yenyewe. Kuhusu kazi, soko la hisa la Nairobi lilifungua biashara ya mikataba ya bei za baadaye, yaani ahadi za kununua au kuuza siku ijayo kwa bei iliyokubaliwa leo, mwaka 2019, lakini biashara hiyo ni changa, usiitegemee. Tazama zaidi benki, mifuko ya pensheni na bima, ambako hati fungani za serikali za miaka mingi zinahitaji mtu wa kuzithaminisha kila siku riba inapoyumba.