Maswali na Majibu: Darubini ya bunduki kwa koyote na kindi wa ardhini

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, wanaowinda wanyama waharibifu kwenye mashamba ya watu kwa ruhusa ya wenyewe.

Swali: Niko Fort Worth, Texas. Mwenye ranchi mmoja ameniruhusu kuwinda koyote, wale mbwa-mwitu wadogo, wanaokula vitoto vya mbuzi. Nina bunduki ya .223 (kipimo cha risasi yake) isiyo na darubini. Muuzaji ananisukuma ninunue 6-24x50, anasema ukuzaji ukiwa mwingi hauna hasara. Ni kweli?

Jibu: Hasara ipo, na kwa koyote ndiyo itakayokurudisha nyumbani mikono mitupu.

Tuanze na maana ya namba. 6-24x50 inakuza kuanzia mara 6 hadi mara 24, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 50. Sasa fikiria uwindaji wenyewe. Koyote huitwa kwa filimbi inayoigiza kilio cha sungura, naye huja mbio, mara nyingi akizunguka ili apate harufu kutoka upande upepo unakoelekea. Anaweza kuchomoza kichakani yadi 30 kutoka ulipoketi. Darubini ya aina hiyo, hata ukiishusha hadi mara 6, hukuonyesha eneo la upana wa mita 5 hivi kwa yadi 100. Kwa yadi 30 hiyo ni mita moja na nusu tu, na koyote pamoja na mkia wake ana zaidi ya mita moja. Utakachokiona ni manyoya yanayopita. Ukiinua kichwa umtafute kwa macho, naye ameshakuona.

Darubini ya 3-9x40 ikiwekwa kwenye mara 3 hukupa kama mita 3 kwa umbali huo huo. Hapo unamwona mnyama mzima, na unaona pia kilicho nyuma yake, jambo ambalo kwenye ranchi yenye mifugo si la hiari. Kwa .223, mara 9 zinatosha kabisa kwa koyote aliyesimama yadi 250. Tungekushauri 3-9x40, au 2.5-10 kama mfuko unaruhusu.

Halafu kuna mwanga. Koyote hutembea zaidi alfajiri na magharibi. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwale unaoingia jichoni: 40 kwa 6 ni karibu milimita 6.7, ilhali 50 kwa 24 ni milimita 2 tu. Gizani mboni ya jicho hupanuka hadi milimita 5 au zaidi, kwa hiyo mwale wa milimita 2 utakupa picha ya kiza hata kama lenzi ni za bei mbaya. Ndiyo maana mzee mwenye 3-9 ya kawaida anamwona mnyama wakati jirani yake mwenye darubini ndefu kama bomba la maji anasema kumeshakuwa usiku.

Ukishaketi mahali pako pa kuvizia, iache darubini kwenye ukuzaji wa chini kabisa. Kupandisha kuna nafasi yake, mnyama akiwa mbali na ametulia. Kushusha wakati anakuja mbio hakuna atakayewahi.

Swali: Mimi nakwenda South Dakota mwezi wa saba kupiga preri-dogi, wale kindi wa ardhini wanaochimba mashimo malishoni. Nimeambiwa umbali ni yadi 200 hadi 400. Je, huko nako nichukue 3-9? Na msalaba wa kulengea uwe kwenye tabaka la kwanza au la pili?

Jibu: Huko mambo yanageuka. Preri-dogi aliyesimama wima ana upana wa sentimita 8 hadi 10, hakimbii kuja kwako, na wewe unapiga ukiwa umeegemeza bunduki kwenye meza. Hapa 4-16 au 6-24 ina kazi. Lakini usitarajie kuitumia mara 24 mchana kutwa. Kuanzia kama saa nne asubuhi ardhi ikishapata moto, hewa huanza kuchemka juu ya majani na shabaha inacheza kama iliyo chini ya maji. Ukuzaji unakuza na mtetemo huo pia. Wengi hushuka hadi mara 12 au 14 na kubaki hapo mpaka jioni.

Hapo ndipo swali lako la tabaka, yaani mahali msalaba ulipowekwa ndani ya darubini, linapokuwa na uzito. Msalaba ulio tabaka la kwanza hukua na kupungua pamoja na picha, hivyo alama zake hubaki na thamani moja kwenye ukuzaji wowote. Ulio tabaka la pili haubadiliki ukubwa machoni, na alama zake ni sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu kabisa.

Chukua mfano. Una 6-24 ya tabaka la pili yenye alama za MOA 2. MOA ni kipimo cha pembe: MOA 1 ni kama sentimita 2.9 kwa mita 100, kwa hiyo alama hiyo kwa yadi 300 ni sentimita 16. Risasi ya .223 yenye uzito wa greni 55, bunduki ikiwa imerekebishwa ipige katikati kwa yadi 200, huanguka kama sentimita 18 kwa yadi 300. Ukiwa kwenye mara 24, alama ya kwanza inakutosha karibu kabisa. Hewa ikachemka, ukashuka hadi mara 12. Alama ile ile sasa ni MOA 4, yaani sentimita 32, na risasi yako itapita juu kwa sentimita 14. Unakosa, unalaumu upepo, unarekebisha upande, unakosa tena.

Kwa malisho ya preri-dogi tunapendelea tabaka la kwanza. Kwa koyote tunapendelea la pili, kwa kuwa msalaba wa tabaka la kwanza kwenye mara 3 huwa mwembamba kama uzi wa buibui, na alfajiri hauonekani.

Ila upepo nao usiusahau: unaovuma maili 10 kwa saa kutoka ubavuni huisukuma risasi hiyo kiasi cha sentimita 25 kwa yadi 300. Nunua msalaba wenye alama za pembeni, si za chini peke yake.

Swali: Nina .22 ya kupigia kindi wa ardhini hapa Idaho, umbali yadi 40 hadi 60. Nimeifunga darubini niliyoitoa kwenye bunduki kubwa. Nikisogeza kichwa kidogo, msalaba unatembea juu ya shabaha. Imeharibika?

Jibu: Nzima kabisa. Darubini nyingi za bunduki kubwa zisizo na kirekebishi cha umbali zimewekwa kiwandani kwa yadi 100 au 150, na za .22 kwa yadi 50 au 60 hivi. Shabaha isipokuwa kwenye umbali huo, picha yake haitui kwenye tabaka moja na msalaba, na jicho likihama msalaba nao unahama. Dawa ni darubini ya .22, au yenye kirungu cha pembeni kinachoshuka hadi yadi 25 au chini yake. Kwa sasa, weka shavu mahali pale pale kila mara na uhakikishe picha imejaa bila kivuli cheusi ukingoni.

Na kabla ya kupiga, jua ni kindi gani. Yule aitwaye kwa Kiingereza Northern Idaho ground squirrel analindwa na sheria ya shirikisho.

Swali: Darubini yangu mpya haitulii. Leo nairekebisha ipige katikati, wiki ijayo inapiga pembeni kwa sentimita 10. Nirudishe dukani?

Jibu: Kabla ya kuirudisha, ifungue. Mara nyingi kosa liko kwenye skrubu.

Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti (kifungio cha chumba cha risasi), kisha ondoa darubini na pete zake. Jaribu skrubu za reli iliyo juu ya bunduki. Hizi ndizo hulegea bila kuonekana, maana pete huzifunika. Zitoe, zifute mafuta kwa spiriti, tia tone moja la gundi ya buluu ya skrubu (nyekundu haifunguki bila moto), kaza. Pete ziwe za kipenyo cha bomba la darubini yako: inchi 1 au milimita 30. Pete ya milimita 30 kwenye bomba la inchi 1 haibani hata ukikaza mpaka skrubu ilie.

Laza darubini kwenye pete bila kukaza, pandisha ukuzaji hadi juu, vaa koti utakalowindia, fumba macho, weka shavu kwenye kitako, kisha fumbua. Kama picha haijajaa, sogeza darubini mbele au nyuma mpaka ijae. Jicho libaki kama sentimita 9 kutoka kwenye lenzi. Ning'iniza kamba yenye uzito yadi 25 mbele, shikilia bunduki ikiwa sawa, na uzungushe bomba mpaka mstari wa wima ulale juu ya kamba. Kaza skrubu za pete kwa kupishana, nusu mzunguko kila moja, hadi inchi-pauni 15 au 18, yaani karibu nyutoni-mita 2. Tumia bisibisi yenye kipimo. Anayekaza kwa nguvu za mkono hubonyeza bomba, na bomba likibonyea kirungu cha ukuzaji kinakuwa kigumu na kliki (hatua za virungu vya kurekebishia) hazifuati tena. Kwenye skrubu za pete usitie mafuta wala gundi, kwani kipimo kitakudanganya.

Anza yadi 25. Kwa darubini ambayo kila kliki ni robo MOA, kliki 16 huhamisha risasi inchi 1 kwa umbali huo. Kwa yadi 100 ni kliki 4 tu. Wengi hukosea hapa, wakazungusha kliki nne na kushangaa hakuna kilichobadilika. Ukifika yadi 100, piga risasi tatu, acha mtutu upoe, rekebisha kwa kufuata katikati ya kundi, si tundu moja. Kwa .223 acha kundi likae sentimita 3.5 hadi 4 juu ya katikati. Hapo bunduki itapiga katikati kwa yadi 200.

Halafu ipime darubini yenyewe. Ukilenga nukta ile ile, piga, panda kliki 20, piga. Kulia 20, piga. Chini 20, piga. Kushoto 20, piga. Kwenye karatasi utaona mraba wa sentimita 13, na risasi ya mwisho inapaswa kuangukia ilipoangukia ya kwanza, kwa kadiri bunduki yako inavyokusanya. Kama mraba umepinda au haujafunga, na skrubu zote ni imara, na hukubadilisha aina ya risasi, sasa irudishe.

Swali: Nikirudi Tanga likizo naweza kumbebea shemeji darubini ya bunduki ndani ya begi?

Jibu: Usithubutu kabla ya kuuliza. Darubini za bunduki zimo kwenye orodha ya bidhaa ambazo Wizara ya Biashara ya Marekani inadhibiti usafirishaji wake nje, hata zikiwa peke yake bila silaha, na huenda ukahitaji leseni. Za kuonea usiku na za joto zina masharti makali zaidi. Shemeji naye aulize polisi wa huko kwanza, kisha aagize kwa muuzaji wa silaha mwenye kibali.