Jibu: Warden na guardian za Kiingereza, ipi imezaa nyingine?
Salama mkuu. Hapo hakuna mzazi wala mtoto, maneno hayo ni ndugu. Angalia kwanza herufi ya mwanzo. Kifaransa cha kale kilikopa neno la Wafaranki, jamaa wa Wajerumani, la kulinda, lililoanza na w. Wanormani, wasemaji wa Kifaransa cha kaskazini walioiteka Uingereza mwaka 1066, waliibakiza w. Kifaransa cha Paris kikaigeuza g. Kiingereza kikabeba yote mawili, tena bila aibu! Wanafunzi wangu huwa nawaonyesha warranty na guarantee (zote dhamana), mchezo uleule.

Kimaana yameachana: warden husimamia gereza, bweni au hifadhi, guardian ni mlezi wa mtoto kisheria. Kwenye fomu ya shule andika guardian.