Testi yangu ilikuwa inafeli usiku tu

Nilikuwa natengeneza sistimu ya kubuku mashua kwa gesti moja hapa Amu, na mimi kazi yangu ni usiku, mchana joto na punda hawanipi nafasi. Sasa kila nikipushi (nikituma kodi ya programu GitHub) saa saba usiku, CI, ile mashine ya huko inayoipima yenyewe, inarudi nyekundu, testi ya "safari za leo" imefeli, na kwa laptopu inapita vizuri tu. Asubuhi nabonyeza irudie bila kugusa herufi, kijani! Usiku mmoja nilipushi mara kumi na moja, komiti (mabadiliko niliyohifadhi) zote zimeandikwa "jaribu tena", aibu tupu.

Kumbe mashine za GitHub Actions, hizo zinazoendesha CI yangu, zinafuata saa za UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele masaa 3. Saa saba usiku hapa, kule ni saa nne na tarehe bado ya jana. Data ya testi nimeipa tarehe ya Nairobi, kodi yenyewe inauliza saa ya mashine, kwa hivyo kuanzia saa sita mpaka saa tisa usiku haziwezi kuelewana. (Nyanya yangu usimuulize, kwake siku ilibadilika tangu magharibi.) Ningeirun tu na TZ=UTC kwa laptopu, yaani ijifanye iko saa za UTC, ningeiona palepale.

Tangu hapo hatua zote za CI nimezitoa kwa ile faili ya YAML, inayoiambia GitHub ifanye nini, nikaziweka kwa skripti moja, ci.sh, juu kabisa ina set -euo pipefail (amri moja ikifeli yote inasimama), na YAML kazi yake ni kuiita hiyo skripti basi. Kwa laptopu naiendesha ndani ya kontena ya Docker, kama kijikompyuta cha Linux kilichojifungia, kutoka imeji (kifurushi kinachoijenga) ileile ambayo CI inatumia, na toleo naliandika kamili, latest ("la karibuni") sitaki kuiona, leo hii kesho ile.

Lakini hapa ndipo wengi wanateleza: ukimaunti folda ya Mac ndani ya kontena (kontena isome folda ileile ya laptopu) bado hujafika Linux. Mac kwa kawaida haitofautishi Jahazi.js na jahazi.js, na folda uliyomaunti inakuja na tabia hiyohiyo, halafu node_modules (maktaba za npm) za Mac nazo zimeingia. Mimi napitisha hivi:

git archive HEAD | docker run --rm -i node:20.11.1 sh -c "mkdir /kazi && cd /kazi && tar -xf - && bash ci.sh"

Zinaingia faili zile zilizokomitiwa tu, kwa hivyo faili uliyosahau kuiadd kwa git inakuumbua hapo hapo.

act, programu ya kuendesha GitHub Actions kwa laptopu, nayo nimeijaribu, inasoma YAML yenyewe, si mbaya, ila imeji zake si sawa kabisa na za GitHub na hiyo ya saizi ya kati tu ni kama MB 500. Bando zetu unazijua. Imeji mimi navuta mara moja nikiwa kwenye waifai ya watu, halafu hata mtandao ukikatika imeji ninayo, zinabaki paketi za npm tu.

Kilichobaki kunisumbua ni chipu, laptopu yangu ni ya aina ya ARM, sava ni ya amd64. Naongeza --platform linux/amd64, laptopu iigize chipu ya sava, nikishuku kitu, na hapo inakokota mpaka nakwenda kununua mahamri narudi bado iko kwa testi ya tatu.