Nimekopa elfu 50, wametumia meseji hadi mkwe wangu

Wiki hii maswali mengi ni ya simu, nayajibu kama yalivyoingia.

Nilikopa elfu 50 kwenye aplikesheni, nikachelewa siku mbili tu, wametumia meseji watu wote kwenye simu yangu hadi mkwe, eti mimi tapeli. Wanaruhusiwa?

Hapana, hawaruhusiwi, na pole sana dada yangu. Ulipoiweka ile aplikesheni ikaomba ruhusa ya kusoma namba zako ukabonyeza kubali, wengi tunabonyeza hivyo hivyo tukiwa na shida, sasa wao wanaona ndo wamepata fimbo. Lakini hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zichukuliwe kwa sababu inayoeleweka na zitumike kwa sababu hiyo hiyo, na mkwe wako hajakopa wala hajakubali chochote jamani! Deni utalipa, hilo halifutiki, ila kukudhalilisha ni kosa lingine kabisa. Tunza hizo meseji, waombe na waliotumiwa wakupigie skrinishoti, halafu peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hata fidia unaweza kudai. Na angalia kama hao watu wana leseni, maana Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja aplikesheni 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Ruhusa ya kusoma namba izime leo leo kwenye setingi za simu.

Tumeachana, sasa anasema nisiporudi anarusha picha zangu za utupu.

Usimtumie hela, usirudi kwa kuogopa, na usifute hata meseji moja najua zinauma kuziona lakini ndo ushahidi wako. Kurusha picha za hivyo ni kosa kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, haijalishi ulimtumia mwenyewe kwa mapenzi yako. Nenda polisi ufungue kesi upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, ukiona aibu kuongea kaunta uliza Dawati la Jinsia na Watoto, wapo kwenye vituo vingi na utaongelea chumba cha pembeni. Nenda na mtu unayemwamini, mimi nakuomba usilibebe hili peke yako, aibu ni ya anayetishia.

Hizi meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" naziripoti wapi?

Ifowadi ilivyo kwenda 15040, bure, utaulizwa namba iliyokutumia, unaiandika unatuma, basi.

Nasikia mtu anaweza kusajili laini kwa NIDA yangu, nitajuaje?

Piga *106# ufuate maelekezo, itakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua nenda duka la mtandao husika na kitambulisho waifute, na nenda mapema, maana laini hiyo ikitapeli mtu jina litakaloonekana ni la kwako.