Punje za njano kwenye mwamba: dhahabu au pairaiti?

SWALI: Sisi ni wachimbaji wadogo, Geita. Duara letu, yaani shimo tunalochimba, limefika kwenye mwamba mweupe wenye punje za njano zinazong'aa. Wengine wanasema ni dhahabu, wengine wanasema tunajidanganya. Tutazitambuaje kabla ya kulipia karasha, mashine ya kusaga mawe?

JIBU: Ndugu zangu, rangi iwekeni kando kwanza. Pairaiti (madini ya chuma na salfa), kalkopairaiti (yenye shaba pia), hata ulanga (madini ya maganda maganda) uliokaa sana kwenye unyevu, vyote hung'aa njano. Lizungusheni jiwe juani, kisha lipelekeni kivulini. Dhahabu hubaki na njano ileile kila upande. Pairaiti huwaka na kuzimika kadiri nyuso zake bapa zinavyogeukia mwanga, na mara nyingi utaona vipande vyenye umbo la dadu.

Kipimo cha kutegemea zaidi ni sindano. Bonyezeni punje kwa ncha yake, mkitumia lenzi ya kukuza mara 10. Dhahabu ina ugumu wa 2.5 hadi 3 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, kwa hiyo hubonyea na kubaki na kishimo. Ukiigonga hutandazika bila kuvunjika. Pairaiti ina 6 hadi 6.5, kisu cha kawaida hakiikwaruzi, na ukiigonga husagika. Inayotatiza ni kalkopairaiti, yenye 3.5 hadi 4, kwa sababu sindano inaikwaruza kweli. Angalieni mkwaruzo wenyewe: ukitoa unga, si dhahabu. Ulanga utachubuka maganda membamba.

Kisha sugueni punje kwenye kigae, upande wa nyuma usio na ung'avu wa kioo. Dhahabu huacha mstari wa njano. Pairaiti na kalkopairaiti huacha mweusi wenye ukijani. Wengi hukosea hapa: mwamba mweupe wa kwatzi una ugumu wa 7, hivyo hukikwangua kigae chenyewe, na unga mweupe mnaouona ni wa kigae. Hakikisheni kinachogusa ni ile punje.

Mkipata kipande kinachoonekana ni madini matupu, pimeni uzito wake. Tuseme ni gramu 50. Wekeni kikombe cha maji kwenye mizani, rudisheni sifuri, kisha ning'inizeni kipande kwa uzi kizame bila kugusa kitako. Mizani ikisoma 10, gawanyeni 50 kwa 10: 5, yaani kipande ni kizito mara 5 kuliko maji ya ujazo uleule; hiyo ni pairaiti. Dhahabu ya asili hupata 15 hadi 19. Kipimo hiki hakifai kwa punje ndogo iliyo ndani ya kwatzi, maana jibu litakaribia 2.65 la kwatzi yenyewe.

Nawasihi msichome jiwe ili kunusa harufu. Pairaiti hutoa gesi ya salfa inayounguza mapafu, na arsenopairaiti, ya rangi ya fedha, hutoa moshi wa aseniki, ambayo ni sumu kali.

Mkikuta ni pairaiti, msiutupe mwamba. Geita dhahabu mara nyingi hufuatana nayo, na nyingine ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Chukueni kilo 2 au 3 kutoka sehemu mbalimbali kukatisha upana wa mkanda wa mwamba huo, si vipande vinavyong'aa tu, mkapime maabara. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) iko Dodoma. Mkichagua vinavyong'aa peke yake, majibu yatakuwa ya vipande hivyo, wala si ya mwamba mtakaoupeleka karasha.