Polisi wamefunga jalada. Je, baraza la madaktari litanisikiliza?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Leicester. Usiku wa kuamkia kifo cha mama nilimpigia daktari simu mara nne. Yeye anasema ni mara moja tu. Polisi wamefunga jalada kwamba ushahidi hautoshi. Nikienda baraza la madaktari si nitaambiwa yale yale?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Polisi walikuwa wanaitazama mahakama ya jinai, ambako kosa huthibitishwa bila kuacha shaka. Zamani Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza nalo lilidai hivyo hivyo. Tangu 2008 kipimo ni kile cha kesi za madai: je, yaelekea zaidi kwamba jambo lilitokea kuliko kwamba halikutokea? Na mzigo wa kuthibitisha ni wa baraza, si wako.

Mabadiliko hayo yalikuja baada ya vifo vingi. Harold Shipman, daktari wa Hyde karibu na Manchester, alitiwa hatiani mwaka 2000 kwa kuua wagonjwa 15. Uchunguzi wa Jaji Janet Smith ukakuta aliua 215. Ripoti yake ya 2004 ilihoji waziwazi baraza lilikuwa likimlinda nani. Wapo madaktari wanaosema leseni ni riziki, isichukuliwe pakiwa na shaka. Nawaelewa, lakini mgonjwa anayefuata naye ana roho.

Usidhani basi kukisia kunatosha. Niliwahi kumkalimania dada mmoja mbele ya jopo linalosikiliza kesi za madaktari. Alitoa kalenda ya jikoni, nyuma yake kaandika kwa kalamu ya bluu: saa nane na dakika kumi, saa tisa kasoro robo, saa kumi. Wino wa mstari wa mwisho ulikuwa umechuruzika, maana aliandika akilia. Maelezo ya daktari yalichapwa kesho yake alasiri. Mwenyekiti aliishika ile kalenda kwa mikono miwili, akaisoma kimya muda mrefu. Walimwamini dada.

Nakwambia mapema, usije ukavunjika moyo: jopo likishaamini simu zilikuwa nne, huamua kando kama daktari bado anafaa kutibu. Hapo hakuna mizani ya ushahidi, ni maamuzi yao, na anaweza kubaki na leseni.

Omba kampuni yako ya simu orodha ya usiku ule, na hospitali nakala ya faili la mama. Kisha liandikie baraza barua, ukianzia simu ya kwanza: saa ngapi, nani alipokea, alikujibu nini.